Punda Akilia Adhuhuri

Farasi wana bahati. Wameimbiwa mashairi, wamechorwa kwenye kuta za migahawa, na sinema ya vita haiishi mpaka mwanamume mmoja amkumbatie farasi wake shingoni alie. Mimi farasi sijawahi kumgusa. Kwetu Kitomanga hakai, mbung'o wangemmaliza kabla hajaijua njia ya kisimani. Tulichonacho sisi ni punda, tena mmoja, tena jike, na kwa ajili yake nilimwambia baba yangu mdogo neno ambalo binti aliyelelewa halisemi mbele ya watu. Nitalifikia hilo neno. Sijaliombea radhi mpaka leo.

Baba alimpata kwa wafugaji waliokuwa wamekaa na ng'ombe wao upande wa bonde la Mbwemkuru. Walikuwa wanahama, na punda huyu alikuwa amelala chini hataki kuinuka, mbavu nje, machozi yanamchuruzika kwa ugonjwa wa mbung'o. Baba aliuliza wanamwachaje. Wakamjibu amchukue, kama anatafuta kazi ya kuchimba shimo. Akawapa ufuta aliokuwa nao, nao wakapokea huku wakicheka. Safari ya nusu siku ilimchukua siku mbili, anamvuta, anasimama, anampa maji kwa kiganja, anamvuta tena.

Mwaka huo huo nami nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume, na begi moja na sufuria. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki. Baba alitutazama wote wawili uani, akasema nyumba yake sasa ina wanawake wawili walioachwa, na mmoja angalau hanung'uniki. Nilinuna siku nzima, halafu nikacheka.

Alimtia punda katika kibanda cha jiko la nje akaziba madirisha kwa magunia. Asubuhi na jioni alifukiza majani ya mwarobaini ili mbung'o na nzi wasimsogelee. Punda akakaa humo ndani wiki baada ya wiki, anapelekewa maji, anapelekewa majani, hatoki. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walikuwa wanachungulia na kumtania baba kwamba kafungia mwali. Baba akalipenda neno. Tangu hapo akawa anamwita "mwali wangu", na siku alipomtoa nje amenenepa, manyoya yanang'aa, wanawake wale wale walimpigia vigelegele. Mimi nilikuwa nawapikia wote wawili, baba na mwali wake, kwenye mafiga matatu chini ya jua, maana jiko nilinyang'anywa.

Sijui nielezeje walivyokuwa. Asubuhi baba akitoka kusali alikuwa anapitia kwake kabla hajanisalimia mimi. Alikuwa anakohoa, kikohozi kile cha kusafisha koo, na punda anaitika kwa kulia. Bila kikohozi hicho hakuna aliyeweza kumtoa mahali. Mimi nilivuta, nikasukuma, nikabembeleza kwa pumba, nikatukana. Anasimama tu ananitazama. Baba anakohoa akiwa ndani anavaa viatu, punda huyoo anaondoka. Msimu wa korosho alikuwa anakula mabibo yaliyoanguka mpaka baba anamkataza, eti asije akalewa akamwaibisha kwa majirani. Waliongozana hivyo miaka saba.

Na kazi alifanya. Kila mtu kijijini amekunywa maji aliyoyabeba punda yule. Shogi zake, ile mifuko miwili ya ukili inayoning'inia ubavuni, zimebeba madumu ya harusi za watu, mchele wa hitima za watu, magunia ya korosho ya watu mpaka ghala la chama. Mwaka wa mvua kubwa, pikipiki zote zilipozama kwenye tope jeusi, ni yeye aliyembeba mke wa jirani yetu akiwa na uchungu mpaka zahanati. Mtoto yule sasa anasoma. Nayasema haya kwa sababu watu husahau, na kusahau kwao kunanichoma.

Baba alichukia misemo yetu ya punda. Mtu akisema mbele yake "bora punda afe mzigo ufike", alikuwa anamwambia huo mzigo aubebe mwenyewe basi, tuone nani atakayekufa. Mimi nachukia ule mwingine, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Punda wetu hajanipiga teke hata moja. Mateke niliyowahi kupigwa nimepigwa na mwenye miguu miwili, aliyenitolea mahari.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu halihitaji kusemwa. Punda akilia, tunasema audhubillahi. Tumefundishwa madrasa tungali wadogo: jogoo akiwika kaona malaika, omba heri, punda akilia kaona shetani, jikinge kwa Mola. Mkulima anasema akiwa na jembe mkononi, muuza vitumbua anasema akigeuza kitumbua, mama anamsemea mtoto mchanga. Unajikinga, unaendelea na shughuli yako. Mimi ni Mwislamu na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na hiyo shughuli tunayoendelea nayo.

Siku yenyewe baba alitoka alfajiri kwenda kuokota korosho. Shamba letu liko nusu saa kwa mguu, limepakana na la baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Katikati ni kijia tu cha kupita mtu. Baba alimfunga punda kwenye tawi la mkorosho kama kawaida, akaanza kuinama na kuinuka na ndoo yake. Hayo nimeyaunganisha baadaye kwa vitu nilivyovikuta pale. Ndoo ilikuwa imejaa nusu.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha nilipomsikia. Sauti ya punda haina mpaka, inafika popote. Nilikuwa nimeketi barazani nabangua korosho, mikono yote imepakwa jivu isiunguzwe na mafuta ya maganda. Nikasema audhubillahi. Akalia tena, nikasema tena. Jirani yangu ng'ambo ya ua naye akasema. Kwa kawaida punda wetu alikuwa na mlio wa asubuhi wa kumwitika baba na mlio wa alasiri wa kuiona nyumba, basi. Adhuhuri hakuwa analia, kwa sababu saa hiyo baba alikuwa anamnywesha maji. Nililijua hilo. Nilikuwa naishi nao nyumba moja, nani mwingine angelijua?

Akaendelea kulia. Mimi nikapaza sauti kumwambia jirani, "Leo mashetani wa Kitomanga wana mkutano!" Tukacheka. Mzaha huo niliutoa mimi, kwa kinywa changu, na baba yangu yuko chini.

Alilia mpaka sauti ikakwaruza. Halafu akanyamaza, nami nikashukuru masikio yangu yamepumzika.

Wanawake wawili waliokwenda kuni ndio waliowakuta, jua limeshainama. Nilipofika mbio, baba alikuwa chali, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia vimelala, macho wazi. Alikuwa ananiona. Siafu walikuwa wameshamfikia sikioni. Punda alikuwa ameivuta kamba mpaka imemkata shingo, damu imeshuka kifuani imekauka, na ardhi pale aliposimama ilikuwa imechimbika kwa kwato. Alikuwa amesogea mpaka mwisho wa kamba, na kivuli chake kilikuwa kimemfunika baba usoni. Wapo walioniambia ni jua tu, lilikuwa upande ule. Sawa.

Tulimpakia kwenye bodaboda, mshikaki, baba katikati na mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Kutoka zahanati tukapewa gari mpaka hospitali ya Lindi. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliniuliza ilianza saa ngapi. Nikamwambia adhuhuri, nilijua bila hata kufikiri. Akaniuliza mbona mmemleta saa hizi. Akasema kiharusi kina saa zake, ukiwahi kuna mengi ya kufanya, ukichelewa unauguza tu. Hakusema kwa ubaya.

Tulikaa huko wiki tatu. Tuliporudi, baba hasemi, hasimami, analishwa uji kwa kijiko. Na kijiji kilikuwa kimeshamaliza kesi. Baba kapigwa na jini, walisema, na ushahidi ni punda: kama hakumwona huyo jini, alilia nini mchana kutwa? Wengine wakazidisha, kwamba jini lenyewe limekuja na punda kutoka huko porini alikookotwa, na baba alilifuga kwa mkono wake. Watu walioletewa maji na punda yule sasa walikuwa wanavuka njia wakimwona. Alikuwa amekonda, kidonda cha shingo kinatoa usaha, hakuna aliyemwosha kwa wiki tatu.

Imamu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Nikamlalamikia. Nikamweleza kijiji kizima kilivyosikia kikajikinga kikakaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, tumeamriwa kujikinga kwa ulimi. Miguu haikukatazwa kwenda." Nilifurahi sana, nikaona nimepata wakili. Ndipo akauliza, "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

Nilijishughulisha na kukung'uta mkeka.

Kikao cha ukoo kilikaa uani kwetu Jumatano. Alikuwepo baba mdogo, shangazi yetu mkubwa, na wazee watatu wa upande wa baba. Baba alikuwa chumbani kitandani, mlango wazi, anasikia kila kitu. Baba mdogo alisema hakuna dawa itakayoingia mwilini mwa kaka yake maadamu mnyama yule bado yuko uani. Alishampata mtu wa kumchukua, mnunuzi wa ngozi kutoka mbali. Biashara yenyewe tulisikia imeshakatazwa, lakini lori lilikuwa linapita vijijini kama la soda.

Nikamuuliza, "Baba mdogo, siku ile ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu."

"Ulimsikia?"

"Nani hakumsikia? Nilipaza sauti, 'Kaka, mnyamazishe punda wako!' Hakunijibu. Nikajua kanuna, unajua kaka na kununa kwake. Nikasema audhubillahi, nikaendelea na zangu."

Aliyasema hayo bila kupepesa. Hatua mia hazifiki kutoka pale alipokuwa. Aliita, hakuitikiwa, na hakuvuka kijia kutazama. Na sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, amekunja nne, anamhukumu aliyekata shingo yake kwa kuita. Alichotaka ni kuuondoa mlio ule masikioni mwake, basi, na ngozi ikiondoka nao heri zaidi.

Nikasimama. Nikamwambia, "Siku ile shambani kulikuwa na ndugu mmoja na punda mmoja. Ndugu alikuwa amefungwa kamba. Punda ni wewe."

Shangazi alinifumba mdomo kwa kiganja. Mzee mmoja alivaa kofia yake akaondoka. Baba mdogo hakunipiga, nami nilitamani anipige. Alisema tu kwa sauti ndogo kwamba lori linakuja Ijumaa, na mwenye mali akiwa hajiwezi, mwenye kauli ni ndugu yake.

Na mimi kauli yangu ilikuwa wapi? Niliwasema wote. Nilimsema jirani, nikawasema wakulima wa mashamba ya karibu, nikamwita baba yangu mdogo punda mbele ya wazee. La kwangu sikulitaja. Nilikuwa na hasira, na hasira ina utamu wake. Ukiwa nayo hujioni.

Ijumaa wanaume walirudi msikitini na kanzu zao, wakajaa uani kama waliokuja kwenye mkeka wa nikaha. Lori lilisimama barabarani. Mnunuzi alikuwa mtu wa maskhara, ana fimbo ya mpira mkononi. Baba mdogo alishika kamba, akavuta. Punda hakutoka. Wakaja wawili kumsukuma nyuma, hakutoka. Mnunuzi akacheka, akasema punda haendi bila kigongo, akamchapa mgongoni, akamchapa tena mara kadhaa. Kamba ikaingia kwenye kile kidonda. Shangazi alikuwa amenishika mikono yote miwili kwa nyuma, na mama yule ana nguvu, kalima miaka sitini.

Ndipo punda akalia. Mlio ule ule wa siku ile, ule wa kukwaruza.

Na uani kote, wanaume kwa wanawake, kanzu na kanga, wakasema kwa pamoja, "Audhubillahi mina shaitwani rajim." Wakasimama pale pale walipokuwa.

Nikasikia kitu kinaburuzwa nyuma yangu, ndani ya nyumba. Nilidhani ni kiti. Kisha shangazi akaniachia mikono.

Baba alikuwa amefika kwenye kizingiti. Tangu tutoke hospitali hakuwahi kushuka kitandani bila kubebwa na watu wawili. Alikuja kwa makalio, anajivuta kwa mkono wa kushoto, mguu wa kulia unamfuata kama gogo, msuli aliojifunga kiunoni umejaa vumbi, mate yanamtoka upande. Alikivuka kizingiti. Akashuka ngazi moja ya baraza, akaanguka kwa ubavu, akajikusanya, akajivuta tena. Hakuna aliyemsaidia. Sijui ilikuwa aibu au hofu, na sijali ilikuwa ipi. Katika watu wote waliosikia mlio ule, aliyekwenda kutazama kuna nini alikuwa mmoja, na huyo mmoja hawezi kutembea.

Katikati ya ua nguvu zilimwishia. Akakaa, anahema, kichwa kimeinama. Halafu akakohoa.

Neno hana, lakini kikohozi anacho. Punda alisimamisha masikio. Kamba ikamponyoka baba mdogo mkononi, na punda akapita katikati ya kanzu zile zote, watu wakimpisha, akaja akasimama akimwinamia baba. Baba akamkumbatia mguu wa mbele, chini ya goti, akaweka paji la uso pale. Niliona mabega yake yakitikisika.

Baba mdogo alitazama kiganja chake. Akamwambia mnunuzi, "Nenda." Mnunuzi akaanza kubisha, akamwambia tena, "Nenda, bwana, nimesema." Kisha alipiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake ya Ijumaa. "Kaka," alisema, "niliita, hukujibu."

Nami siri yangu ikanitoka. Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya baba, watu wote wapo. Nikamwambia, "Baba, mimi pia nilimsikia. Nilikuwa barazani nabangua korosho. Nilijua kwamba adhuhuri halii. Nilijua, baba. Nikafanya mzaha."

Baba aliinua uso. Jicho moja linafumba vizuri, jingine halifumbi. Alinitazama nikaona anaelewa kila neno, nikangojea. Hakunishika kichwa wala hakunigeuzia kisogo. Alinyoosha mkono wake mzima akaonyesha ndoo iliyokuwa kando ya mtungi. Ilikuwa adhuhuri, na mwali wake hajanywa maji. Nikainuka nikachota.

Baba yupo. Hasemi bado, lakini sasa anafika barazani kwa kumshika punda shingoni, juu kidogo ya kovu. Baba mdogo huja kila asubuhi kumkalisha baba kitini, nami humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, na neno lile limekaa kati yetu na hakuna anayeligusa. Sijamsamehe vizuri. Mwenyewe sijajisamehe, sembuse yeye.

Punda amezeeka, analia ovyo siku hizi, akiona mbwa, akisikia pikipiki, akikosa chumvi. Akilia, kijiji kinajikinga kikaendelea na shughuli zake. Nami najikinga, dini ni yangu na sijaiacha. Ila nikifika kwenye "rajim" huwa nimeshalipita lango, mikono ina jivu la korosho.